Mwani wa Barafuni na Chakula Chake

Muhula huu Kidato cha Tatu walikuwa wakijifunza jinsi mimea inavyojipatia chakula. Tulipofika kwenye habari za bahari za baridi, niliwaambia kwamba katika barafu ya Bahari ya Aktiki, huko Ncha ya Kaskazini, imo mimea midogo inayoishi humo humo barafuni, na kwamba barafu hiyo imepungua sana katika miaka arobaini na zaidi iliyopita. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mimea yataka mwanga. Barafu ikiwa nyembamba, mwanga utaingia zaidi. Je, mimea hiyo haitaongezeka, na samaki nao wakashiba?"

Nilikaribia kumjibu, "Ndiyo." Hoja yake ilikuwa imenyooka. Lakini kabla sijafungua kinywa nikakumbuka mahindi yetu ya upande wa chini wa shamba la shule. Yalipata jua tele, mvua nayo haikukosekana, lakini majani yake yalikuwa ya manjano na mabua membamba kama mianzi ya fimbo. Kilichokosekana kilikuwa samadi. Basi nikamwambia mwanafunzi yule angoje, nitamjibu katika gazeti la shule, ili na wengine wafaidike. Haya ndiyo majibu yake.

Barafu ya bahari ni nini?

Kwanza tuondoe kosa moja. Barafu iliyo juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ni theluji iliyoanguka kutoka mawinguni ikashindiliwa mpaka ikawa ngumu. Hiyo ni maji matamu. Barafu tunayoieleza hapa ni bahari yenyewe iliyoganda upande wa juu. Maji matamu huganda kwenye digrii 0 za Sentigredi. Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, hayagandi mpaka yapoe kufikia karibu digrii 1.8 chini ya sifuri.

Maji hayo yanapoganda, fuwele za barafu hujijenga kwa maji peke yake na kuisukuma chumvi kando. Chumvi nyingine huteremka ikarudi baharini. Nyingine hunaswa kati ya fuwele, ikakaa ndani ya matundu na vijifereji vilivyojaa maji makali ya chumvi. Kwa hiyo barafu ya bahari haifanani na kipande cha kioo, bali yafanana zaidi na sifongo. Baridi ikizidi, maji yale ya ndani nayo huzidi kuwa makali. Barafu ikifika digrii 10 chini ya sifuri, maji yaliyomo katika vijifereji huwa na chumvi kama mara nne ya ile ya bahari.

Katika vijifereji hivyo ndimo unamoishi mwani wa barafuni. Msidhani ni ule mwani mrefu wanaoulima akina mama wa Unguja na kuuanika pwani. Huu ni mwani wa chembe moja moja, usioonekana kwa macho mpaka upate hadubini. Ulio mwingi zaidi ni wa jamii iitwayo diatomu. Kila diatomu imejivika gamba gumu la silika, kitu kile kile kilicho asili ya mchanga na kioo. Moja ijulikanayo sana katika barafu ya kaskazini ni Nitzschia frigida. Nyingine ni Melosira arctica, ambayo chembe zake hushikana zikawa nyuzi ndefu zinazoning'inia chini ya barafu.

Ingawa chembe moja haionekani, zikiwa mamilioni huipaka barafu rangi ya hudhurungi kama chai ya rangi iliyokolea. Mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, aliyesafiri na merikebu za Kiingereza Erebus na Terror kwenda Ncha ya Kusini kati ya 1839 na 1843, aliiona barafu yenye madoa ya rangi hiyo, ikajulikana kuwa ni diatomu. Fridtjof Nansen wa Norwei, ambaye meli yake Fram ilichukuliwa na barafu ya kaskazini kati ya 1893 na 1896, naye aliwachunguza viumbe wa namna hii.

Sehemu kubwa ya mwani huo hukaa katika sentimeta chache za mwisho, upande wa chini wa barafu unaogusana na bahari. Huko baridi si kali kama juu, vijifereji ni vipana zaidi, na maji ya bahari yapo karibu. Jambo hili la tatu ndilo kiini cha somo letu.

Mimea huhitaji nini?

Mwani, kama mmea mwingine wowote, hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha nguvu kutoka katika hewa ya kaboni dayoksaidi na maji. Lakini mmea hauwezi kuujenga mwili wake kwa mambo hayo tu. Huhitaji naitrojeni ya kujenga protini. Huhitaji fosforasi. Huhitaji chuma kidogo sana, lakini kile kidogo hakina badala yake. Diatomu huhitaji na silika ya kujengea gamba lake. Vitu hivi huitwa virutubisho, navyo huwa vimeyeyuka majini kama samadi ilivyoyeyuka udongoni.

Kanuni ya jambo hili ilielezwa na Carl Sprengel, kisha ikaenezwa na Justus von Liebig, wote wawili Wajerumani, katika karne ya 19. Husema hivi: ukuaji wa mmea hupimwa na kile kilichopungua kuliko vyote kwa kulinganisha na mahitaji yake, wala haupimwi na kile kilichozidi. Mpishi mwenye unga wa kutosha watu mia, na mboga ya kutosha watu ishirini, ataandalia watu ishirini. Ukimletea gunia lingine la unga hukumsaidia hata kidogo.

Katika 1934 Mmarekani Alfred Redfield alionyesha kwamba virutubisho vya bahari huenda kwa uwiano maalumu. Kwa kawaida mimea midogo ya bahari huchukua atomu 16 za naitrojeni kwa kila atomu 1 ya fosforasi. Diatomu, kwa ajili ya gamba lake, huchukua silika karibu sawa na naitrojeni. Natufanye hesabu ndogo kwa tarakimu za kubuni. Maji yana sehemu 160 za naitrojeni, 12 za fosforasi, na 80 za silika. Kila fungu moja la diatomu lataka 16, 1, na 16.

Naitrojeni yatosha mafungu 160 ÷ 16 = 10.
Fosforasi yatosha mafungu 12 ÷ 1 = 12.
Silika yatosha mafungu 80 ÷ 16 = 5.

Basi tutapata mafungu 5 tu. Tukiongeza naitrojeni mara mbili, bado ni 5. Tukiongeza silika, hapo mavuno yatapanda. Yatapanda mpaka wapi? Mpaka mafungu 10, kwa kuwa hapo naitrojeni nayo itakwisha. Kizuizi kimoja kikiondolewa, cha pili hujitokeza.

Kwanza mwanga, kisha chakula

Sasa twende kaskazini na kanuni hiyo. Wakati wa baridi jua halichomozi kabisa katika nchi za ncha. Maji chini ya barafu huwa na virutubisho vingi kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu hakuna anayevila. Hapo kizuizi ni mwanga.

Jua linaporudi, mwani huanza kukua kwa mwanga hafifu ambao mimea ya shambani kwetu isingeweza kuishi nao. Watafiti waliokuwa katika meli ya Kijerumani Polarstern, iliyojiacha ichukuliwe na barafu tangu 2019 hata 2020, waliona mwishoni mwa Machi 2020 kwamba mimea midogo iliyo majini chini ya barafu imekwisha kuanza kukua mara tu baada ya usiku mrefu kwisha. Theluji nayo ina neno hapa. Ikiwa nene juu ya barafu huzuia mwanga mwingi kuliko barafu yenyewe, hivyo mwani ulio chini ya theluji nyembamba hutangulia na wenziwe hufuata.

Mwezi wa Aprili na wa Mei mwani hustawi sana. Lakini kila chembe mpya imekula naitrojeni na silika, na siku zinavyokwenda akiba hupungua. Jua lazidi kung'aa huku ghala lakauka. Ndipo kizuizi kinapobadilika: mwanga haupungui tena, kinachopungua ni chakula. Mwani wenye njaa ya naitrojeni hutengeneza protini kidogo na kujiwekea mafuta zaidi. Kwa hiyo njaa hiyo hupunguza wingi wa mwani, na tena hubadilisha chakula atakachokipata yule anayeula.

Chakula huingiaje barafuni?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni akiba iliyonaswa pamoja na maji ya chumvi siku barafu ilipoganda. Hiyo ni kidogo, haitoshi mavuno makubwa. Ya pili ni kazi ya bakteria wanaoozesha mwani uliokufa na kurudisha naitrojeni yake itumiwe tena. Silika hurudi polepole zaidi, maana gamba la diatomu haliyeyuki upesi. Ya tatu, iliyo kubwa, ni bahari iliyo chini.

Lakini hata bahari ikijaa chakula, bado hapana budi kifike mlangoni. Chini kabisa ya barafu pana tabaka jembamba la maji yaliyotulia, yaliyong'ang'ania barafu. Virutubisho hupita katika tabaka hilo kwa mwendo wa polepole mno. Mkondo wa maji ukipita kwa nguvu, tabaka hilo huwa jembamba zaidi na chakula hupita upesi. Mkondo ukilala, mwani hukaa na njaa ingawa chakula kipo chini yake tu.

Wanafunzi wa pwani wataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wanajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na mikondo ikawa mikali. Katikati huja maji mafu, na mikondo hulegea. Mwezi ni ule ule mmoja duniani, na bahari chini ya barafu nayo huitii. Wataalamu waliofanya kazi karibu na Resolute, kaskazini mwa Kanada, katika miaka ya 1980, walieleza kwamba ugavi wa virutubisho kwa mwani wa barafuni hufuata mchanganyiko wa maji unaoletwa na mikondo hiyo, ambao huzidi na kupungua kila majuma mawili. Bamvua huuletea mwani karamu, na maji mafu huuletea mfungo.

Ncha ya Kusini si sawa na Kaskazini

Mtu asichukue habari za kaskazini akazipeleka kusini bila kufikiri. Bahari ya Aktiki imezungukwa na nchi kavu, na mito mikubwa kama Ob, Yenisei, Lena na Mackenzie huimwagia maji matamu. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea juu ya maji ya chumvi kama kifuniko cha chungu, nayo maji ya chini yenye naitrojeni hupanda kwa shida. Katika sehemu nyingi za huko pungufu ni naitrojeni.

Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktiki ina naitrojeni na fosforasi nyingi, lakini katika sehemu zake kubwa mimea haikui kwa kadiri ya utajiri huo. Mmarekani John Martin alisema, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba kilichokosekana ni chuma. Februari 1999 wataalamu walimwaga chuma kilichoyeyushwa katika sehemu ndogo ya bahari hiyo, na mimea midogo ikaongezeka waziwazi. Sasa tazama ajabu ya barafu: mara nyingi chuma ndani ya barafu ya huko huwa mara kumi au zaidi ya kile kilicho katika maji ya chini yake. Barafu hukikusanya wakati wa baridi, na ikiyeyuka hukiachia baharini, ndiyo maana mimea hustawi ikifuata ukingo wa barafu inayorudi nyuma.

Theluji nayo hufanya kazi ya namna mbili kusini. Huzuia mwanga kama kaskazini, lakini ikiwa nzito mno huididimiza barafu, maji ya bahari yakapanda juu yake na kuilowesha theluji kutoka chini. Maji hayo huja na virutubisho, nao mwani ukastawi karibu na uso wa barafu, mahali penye mwanga. Kitu kile kile kilichokuwa kizuizi huko, hapa huleta chakula.

Nani anayekula mwani huu?

Mtu aweza kuuliza, "Yatuhusu nini habari ya vijidudu vya barafuni?" Yawahusu kwanza viumbe wa huko, maana mapema katika mwaka, kabla maji hayajafunguka, mwani huu ni miongoni mwa vyakula vichache vilivyopo. Kaskazini kuna mnyama mdogo wa jamii ya kamba aitwaye Calanus glacialis. Majike yake hula mwani wa barafuni, wakapata nguvu ya kutaga mapema, ili watoto wakute mimea ya majini imekwisha kustawi. Wao huliwa na samaki mdogo Boreogadus saida, naye huliwa na sili, na sili huliwa na dubu mweupe. Kusini, watoto wa krili hukwangua mwani chini ya barafu wakati wa baridi, na krili ndio chakula cha nyangumi, pengwini na sili wengi.

Hata kilindi cha bahari chapata fungu lake. Mwaka 2012 watafiti wa meli ile ile ya Polarstern waliona mafungu ya Melosira arctica yamezama mpaka sakafu ya bahari, zaidi ya meta 4,000 chini, na majongoo ya bahari wakiyala.

Jibu la swali

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Ni kweli barafu imepungua. Mwezi wa Septemba 1979 barafu ya Aktiki ilienea karibu kilometa za mraba milioni 7. Septemba 2012 ilishuka hadi karibu milioni 3.4. Ni kweli pia kwamba mwanga umeongezeka. Lakini barafu inayoyeyuka ni maji matamu, nayo huongeza unene wa kile kifuniko. Katika Bonde la Kanada, sehemu ya Bahari ya Aktiki, wataalamu waliona kati ya 2004 na 2008 kwamba maji ya juu yalivyozidi kuwa matamu na naitrojeni kupungua, mimea midogo kabisa iliongezeka na ile mikubwa zaidi ikapungua. Hiyo midogo haiwafai sana wanyama waliozoea kula diatomu.

Lakini si kila mahali pamekuwa hivyo. Vipimo vya satelaiti vimeonyesha kwamba mazao ya mimea midogo katika maji yaliyo wazi ya Aktiki yaliongezeka kwa asilimia 57 kati ya 1998 na 2018. Mwanzoni ongezeko lilitokana hasa na maji kufunguka kwa upana na kwa muda mrefu zaidi. Baadaye mimea yenyewe ilizidi kuwa mingi majini, na wataalamu huona ni dalili ya virutubisho vipya kuingia. Nao mwani wa barafuni hauwezi kuhamia maji wazi hivi hivi: nyumba yake ni barafu, na nyumba ikiyeyuka mapema, msimu wake hufupishwa, hata kama chakula kipo.

Kwa hiyo jibu ni hili: mwanga zaidi huleta mwani zaidi pale tu ambapo mwanga ndio uliokuwa umepungua. Pale ambapo pungufu ni naitrojeni, silika au chuma, jua halitaziba pengo. Anayetaka kujua yatakayotokea hana budi kuuliza kwanza, "Hapa kilichopungua ni nini?" Swali hilo hilo ningelipenda lisikike katika shamba la shule, kabla hatujamlaumu mwenye zamu ya kumwagilia.

Majaribio ya kufanya

1. Yeyusha gramu 35 za chumvi katika lita moja ya maji. Weka katika bakuli la plastiki ndani ya jokofu la kugandishia mpaka nusu yake igande. Mimina maji yaliyobaki katika chombo kingine. Suuza barafu upesi, kisha iache iyeyuke. Chukua kiasi sawa cha maji ya kila chombo, anika katika sahani mbili. Ni sahani ipi imebaki na chumvi nyingi zaidi?

2. Chukua chupa nne za kioo zenye maji ya mvua, tia katika kila moja vijiko viwili vya maji ya kijani ya bwawani. Mbili kati yake zitie na kijiko cha maji ya samadi yaliyochujwa. Weka moja yenye samadi na moja isiyo nayo juani, na mbili zilizobaki ndani ya kabati. Funika midomo kwa kitambaa chepesi, mbu wasizalie humo. Baada ya majuma mawili linganisha rangi, na nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini mwani hukaa zaidi upande wa chini wa barafu?
2. Maji yana sehemu 96 za naitrojeni, 9 za fosforasi, na 128 za silika. Yatatoa mafungu mangapi ya diatomu? Ni kirutubisho kipi ukikiongeza mavuno yatapanda?
3. Eleza jinsi bamvua inavyoulisha mwani wa barafuni.
4. Katika jaribio la pili, chupa yenye samadi iliyokaa kabatini yatufundisha nini?